Baba, Yule Mtoto Wako wa Alhamisi

Baba mpendwa,

Huko uliko hakuna posta, kwa hivyo barua hii wataisoma wengine kabla yako. Wasome tu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiisimulia hadithi hii katika kila matanga, hata matanga ya watu usiowajua, na kila mara uliongeza chumvi. Leo naisimulia mimi, niliyebeba zile nguo.

Unaukumbuka mwaka ule wa mvua iliyokataa kuisha. Nilikuwa Nairobi, mtaa wa Laini Saba, na cherehani yangu kando ya reli, nikishona sare za shule. Kaka yangu Odhiambo alikuwa amepanga Kawangware kwa Mama Njeri, mwenye ploti, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenye simu. Simu yenyewe aliiweka sebuleni, akaifunika kitambaa cha kufuma, na kwenye namba akatia kufuli ndogo. Kupokea, ruhusa. Kupiga, sahau.

Sasa wewe ulikuwa umetuficha jambo. Ulipokuja kututembelea mwaka uliotangulia, ulilisalimia koti la Odhiambo lililoning'inia mlangoni, ukaliuliza kama watoto hawajambo. Tulicheka, nawe ukacheka, ukasema ulikuwa unatania. Uliposema nyumba yangu ya mabati inapendeza, nilidhani ni adabu. Hatukujua kwamba ulikuwa unaona ukungu mtupu. Jicho la pili lilipoanza kulifuata la kwanza, ulijipeleka mwenyewe hospitali ya misheni kule nyumbani, usimwambie mtu.

Muuguzi ndiye aliyepiga simu kwa Mama Njeri. Alisema, kama tulivyokuja kujua baadaye, kwamba mzee ana mtoto wa jicho, kwamba atapasuliwa Alhamisi, na kwamba anaomba mmoja wa watoto wake awe naye. Lakini mvua ilikuwa inatwanga mabati siku hiyo, laini inakwaruza, na Kiswahili cha Mama Njeri kilitosha sokoni na kanisani, si kwa mambo ya hospitali. Neno jicho lilipotelea njiani. Kilichobaki alimpelekea Odhiambo mlangoni, uso wake umejaa furaha.

"Odhiambo, hongera," akamwambia. "Baba yako ako na mtoto. Wanapasua Alhamisi kumtoa. Anataka mmoja wenu aende."

Odhiambo hakuuliza la zaidi. Angeuliza nini, na kwa aibu ile? Alitembea kwenye mvua kutoka Kawangware mpaka kwangu, akaketi juu ya fungu la sare zilizokuwa tayari, maji yakimchuruzika, akanipa habari kama mtu anayetangaza kifo. Umepita miaka sabini, akasema, na udongo wa kaburi la Mama haujakaa vizuri. Tukaanza kuwapitia wajane wa kanisa lenu mmoja baada ya mwingine, mpaka lawama ikamwangukia Mama Rispa wa kwaya, aliyekuwa akikuletea uji. Nikamkumbusha Odhiambo kwamba Mama Rispa ni bibi mwenye vitukuu.

"Ndiyo maana wanampasua," akasema. "Ni umri."

Nikarudi kwenye cherehani.

Yeye aliapa haendi. Akienda atakuwa amekubali, na huyo mtoto kesho atataka boma, keshokutwa atataka ng'ombe. Mimi nami sikuwa na hamu. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, wazazi wananisimamia kichwani, na nilikuwa naziwazia nyuso za majirani zetu kule nyumbani. Nikashona siku nzima huku naamua kutokwenda, na kila nikimaliza kuamua, jambo moja lilirudi: ulikuwa umeomba. Baba, wewe hukuwahi kuomba. Mama alipofariki, kabla hata ya viti vya matanga kurudishwa, ulitufukuza turudi Nairobi, ukasema mzee anayeshindwa na chai yake mwenyewe afe tu. Nikamwambia Odhiambo hivyo, kwamba Baba hajawahi kuomba mtu kitu.

"Hata kuzaa uzeeni hajawahi," akanijibu.

Nikaenda. Nilijiambia mtoto hana kosa. Na kwa kuwa huwezi kumtembelea mtoto mikono mitupu, nilichukua mabaki ya kitambaa cha sare nikamshonea kigauni cha buluu chenye kola nyeupe. Huyo mtoto angezaliwa tayari kwa darasa la kwanza. Nikaongeza kofia ya sufu, nikafunga vyote kwenye leso, nikapanda basi.

Hospitalini nilikwenda moja kwa moja wadi ya kina mama. Nikamwuliza muuguzi, kwa sauti ya chini, alipolala mke wa Mzee Ouma, yule anayepasuliwa leo. Akasema Mzee Ouma hana mke pale, Mzee Ouma mwenyewe ndiye anayepasuliwa, yuko wadi ya macho, na tangu asubuhi amekataa kuingia mpaka mtu wake afike. Wenzake wote amewapisha mbele.

Nilikukuta kwenye benchi. Walikuwa wamekuvalisha gauni la hospitali lililokuishia juu ya magoti, na magoti yenyewe yalikuwa yanatetemeka. Baba, nilikuona ukimtoa chatu kwenye banda la kuku, na magoti hayakutetemeka. Nikakushika mkono. Uliupapasa, ukapata ule ugumu wa mkasi kwenye kidole gumba.

"Akinyi," ukasema. "Nilijua ni wewe utakuja."

Kisha mkono wako ukalifikia furushi. Ukatoa kofia, ukaitia ngumi yako, haikuenea. Ukaniuliza ni nini.

"Nguo za mtoto," nikasema.

"Mtoto gani?"

"Wako, Baba. Anayetolewa leo."

Mabega yako yakaanza kutingishika, kisha tumbo, kisha benchi lote pamoja na mama mgonjwa aliyekaa ncha ya pili. Ulicheka mpaka machozi yakatoka kwenye macho yale yasiyoona. Daktari alitoka kuangalia kuna nini, akasimama na glavu zake, akasubiri. Mwishowe akakuambia kwa upole kwamba jicho linalocheka yeye hawezi kulipasua. Ukaomba radhi, ukaanza upya. Ulipoingia hatimaye ulikuwa bado unatingishika, ila magoti yalikuwa yametulia.

Kesho yake nani akatokea? Odhiambo. Usingizi ulikuwa umemkataa kwa kuwaza ng'ombe. Alikuja kulinda boma, na hotuba alikuwa ameiandaa njia nzima. Mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji ya chai, nikamkuta keshasimama katikati ya wadi, na wazee wote wamefungwa bendeji, hawana la kutazama, masikio yote yako kwake. Alisema hakuja kugombana. Alisema anataka tu kuonyeshwa huyo mtoto alipo, waelewane mapema.

Ukamjibu bila hata kugeuza kichwa. "Daktari amemtupa."

Odhiambo alishika chuma cha kitanda.

"Hata wangu," akasema mzee wa kitanda cha pili. "Juzi."

"Wangu bado," akasema mwingine kutoka dirishani. "Wanamtupa kesho, Mungu akipenda."

Kaka yangu alikaa chini, kwenye sakafu, na suruali yake ya kanisani. Ilibidi nitue birika nimweleze, neno kwa neno, huku wadi nzima inacheka na muuguzi anawakataza wasilegeze bendeji.

Nimeiwaza sana simu ile, Baba. Kama ingesikika vizuri, pengine tungesema ni jicho tu, mzee atapona. Mimi ningemaliza sare, Odhiambo angekuletea sukari Krismasi, nawe ungeingia kwa daktari peke yako na magoti yako yale. Mama Njeri tulipomweleza alisikitika sana. Tulimshukuru mpaka akadhani tunamdhihaki.

Siku ya kufunguliwa bendeji tulisimama mbele yako wote wawili. Ulipepesa, ukatazama dirisha, ukatazama mikono yako. Kisha ukamshika Odhiambo kidevu, ukamgeuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua ndama. Ukanigeukia mimi ukanitazama hivyo hivyo. Nilikuwa nakingoja kicheko chako. Hakikuja.

"Mmezeeka," ukasema. "Mbona hamkuniambia?"

Ndipo nikaelewa kwamba miaka yote ile, ulipotusikia tukiongea, ulikuwa unawaona wale vijana wawili uliowapandisha basi la kwenda Nairobi. Odhiambo, aliyekuja kulinda ng'ombe, alilia akashindwa kunyamaza, na wewe ukamwambia anakuharibia jicho jipya.

Lala kando ya Mama, Baba, mzungumze. Sisi tumezeeka zaidi. Safari hii tumekuambia.

Binti yako,
Akinyi