Mama Mkwe Amekataa Kupika Ngano ya Marehemu

Mpendwa Shangazi Nevena, nisaidie maana nimekwama pabaya, na nakuandikia mikono yangu ikinuka moshi wa pilipili hoho tulizochoma leo uani, mimi na mama mkwe wangu Stoimenka, ambaye ameweka kando mitungi ya pilipili hizo ili ampelekee daktari mmoja wa mjini Sofia kwa sababu eti daktari huyo ndiye anayemlea mwanawe, na huyo mwanawe ni mume wangu Lyuben, na Lyuben, Shangazi, tulimzika Machi.

Ngoja nianze vizuri. Lyuben alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na sigara haikumtoka mdomoni, mapafu yakaanza kukakamaa, na alipopasuliwa huko Sofia, daktari huyo, Bi. Veleva, akaomba wabaki na kipande kidogo cha pafu kwa utafiti wao, kwa sababu ndani ya pafu kuna seli ambazo kazi yake ni kuzaa seli nyingine na kukarabati palipoharibika, wanaziita seli shina, na wao wanataka kujua kwa nini mtu akizeeka seli hizo nazo huchoka. Lyuben akamwambia, "Chukua, daktari, lakini ukiona linafanya kazi nirudishie." Akacheka mpaka akakohoa, tukarudi nyumbani, na kabla baridi haijaisha akafariki.

Mama hakuwa na mtoto mwingine. Baada ya mazishi akalala akageukia ukuta, supu hataki, mkate hataki, kasisi akija hamtazami, na arobaini inakaribia, na unajua mwenyewe ngano ya marehemu huchemshwa na watu wa nyumbani, ikatiwa sukari na kokwa za jozi, ikagawiwa makaburini, nami peke yangu sikuwa na nguvu hizo. Ndipo nikapiga simu Sofia kuulizia vyeti vya hospitali, na Bi. Veleva akaniambia kwa upole kwamba seli za Lyuben zimeshika vizuri kwenye vyombo vyao na zinaendelea kuongezeka. Nililia kwa furaha, Shangazi, sijui hata furaha ya nini, nikaenda moja kwa moja kwa mama nikamwambia, "Mama, kuna kipande cha Lyuben kiko hai Sofia, kinakua." Nilitaka tu ale.

Akala. Akaketi kitandani akaomba mtindi, kesho yake akaoga, akavua kitambaa cheusi akajifunga cha maua, akatoka nje akabandua langoni tangazo la kifo lenye picha ya Lyuben, akalikunja, akalitia jikoni likaungua. Nikamwuliza, "Mama, na ngano ya arobaini je?" Akanitazama toka juu hadi chini. "We mwanamke una akili kweli? Nimchemshie ngano mtu aliye hai? Unamtakia nini mwanangu?" Arobaini ikapita hivyohivyo, nusu mwaka ikapita, kaburi halijamiminiwa hata tone la divai, na majirani wanatuchamba, juzi Gana wa ng'ambo ya barabara kanisimamisha, "Zdravka, nasikia Lyuben kahamia Sofia, mbona hakutuaga?" na mama akamjibu kutoka dirishani, "Akuage wewe? Hujawahi kumkaribisha hata kahawa."

Na mimi nikazoea. Kila Ijumaa nikitoka kiwandani kushona napiga simu Sofia kuuliza zinaendeleaje, kisha nampelekea mama habari, naye anauliza kama chumba kina joto, kama wanamtunza vizuri usiku, nami najibu ndiyo mama, wanamtunza.

Ijumaa iliyopita Bi. Veleva akasema zimeacha. Hazijafa, akasema, zipo, ila zimezeeka, haziongezeki tena, na anadhani zimechoka mapema kwa sababu ya ule moshi wa miaka yote, kwa hiyo kazi yao kwa upande wa Lyuben imekwisha, na kwa heshima tu wananisubiri niseme sawa ndipo wazitupe. Nikakata simu bila kujibu.

Sasa Jumamosi ya Wafu inakuja, mji mzima utapanda makaburini na ngano na mishumaa, na siku hiyohiyo ndiyo aliyoichagua mama twende Sofia akamwone mwanawe. "Wao waende kwa wafu wao," anasema, "sisi wetu yuko hai." Koti ameshalipiga pasi. Nikimwambia ukweli atarudi ukutani, na safari hii hatainuka, na yeye ndiye mtu pekee niliyebaki naye. Nikinyamaza, tukifika huko nitamwonyesha nini? Au niseme tu kwamba hazijafa, maana daktari mwenyewe ndivyo alivyosema?

Zdravka, Pernik

*

Zdravka mwanangu,

Pole. Nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimelazimika kuiweka chini kidogo.

Sasa nisikilize. Hilo neno "hazijafa" liache kwa daktari, kwake ni neno la kazi. Likiingia jikoni kwenu litawaweka wote wawili kwenye foleni ya kumsubiri mtu asiyekuja, mpaka mama huyo naye azikwe akiwa amejifunga kitambaa cha maua.

Ulikosea, na najua kwa nini. Mama anageukia ukuta, wewe una habari moja tu nzuri mkononi, ukampa. Ningekuwa na miaka yako huenda ningempa mimi pia. Lakini seli za pafu kwenye chombo hazimjui mama yake, hazijui mzaha, hazina hamu ya pilipili za kuchoma. Hata nywele zake zilizofagiliwa kwa kinyozi zilikuwa za Lyuben, na hakuna aliyepiga simu kwa kinyozi.

Na hapo kwenye simu ndipo penye shida yako. Umeniandikia barua ndefu kuhusu mama mkwe. Lakini aliyekuwa akipiga simu kila Ijumaa si Stoimenka. Aliyekata simu bila kujibu si Stoimenka. Yeye ameamini alichoambiwa na mtu anayempenda. Wewe ulijua, na bado ulitoka kazini ukakimbilia simu. Unaogopa atarudi ukutani, nami nadhani hofu kubwa zaidi ni kwamba na wewe kuna ukuta unakusubiri. Hujalala hapo bado, mwanangu. Ulikuwa na shughuli ya kumfurahisha yeye.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho asubuhi, siyo jioni, siyo Ijumaa ijayo, keti naye mezani, zima redio, umshike mikono. Usimwambie kwamba seli zimechoka. Ukianza na seli atauliza nani alizembea, na mitungi ile itavunjikia mlangoni kwa Bi. Veleva, ambaye kosa lake ni upole tu. Mwambie, "Mama, Lyuben alifariki Machi. Alifariki kabisa. Nilikwambia vingine kwa sababu sikuweza kukuona huli." Kisha nyamaza. Atakutukana, na pengine atakuambia uondoke nyumbani kwake. Usiondoke. Atarudi kitandani, naam, inawezekana. Ana haki hiyo, amefiwa na mwanawe wa pekee na alinyang'anywa msiba wake katikati. Mpelekee supu. Akikataa, kaa hapohapo uinywe wewe, halafu mpelekee nyingine.

Siwezi kukuahidi kwamba atainuka. Nikikuahidi nitakuwa nimekufanyia ulichomfanyia yeye.

Halafu mpigie Bi. Veleva. Mwambie sawa, wazitupe, na umwulize walichojifunza kutoka kwa mumeo, maana alikitoa kwa hiari na mna haki ya kujua. Nenda kachapishe tangazo lingine, libandike langoni, na Gana akija kulisoma mwache asome.

Ngano iloweke Ijumaa. Ikibidi ichemshe peke yako, ukilia, ikiungua ikoroge. Na Stoimenka akikuuliza kwa nini umemwambia sasa, kwa nini usingemwacha na raha yake mpaka afe, mjibu hivi: Jumamosi wafu wote wa Pernik watakuwa na watu wao juu ya kaburi, na Lyuben amekufa tangu Machi na bado hajapata mtu wa kumlilia.