Chupa Zilizooshwa Kaloleni

Mama, habari ya nyumbani?

Kisumu kuna joto, lakini upepo wa ziwa unatupoza. Leo mimi na wenzangu wa maabara tulikuja huku mtaa wa Kaloleni kuchota maji ya kisima, ya juu, ya kati na ya chini, tujue uchafu wa vyoo umefika wapi. Nikiwa bado nafungua kamba ya kuteremshia chupa, mwenye kisima, Mama Akinyi, akaziosha chupa zetu za maabara kwa maji yaleyale! "Mgeni hawezi kutumia chupa ya vumbi," akasema.

Chupa hizo zilikuja zimeshauliwa vijidudu, kwa hiyo kesho tunaanza upya na nyingine. Nilimwomba achemshe maji ya kunywa mpaka majibu yatoke. Akaniuliza, "Na kisima cha mama yako ulishapima?"

Mama, tafadhali chemsha. Nitakuja na chupa. Usizioshe.

Mwanao akupendaye,
Neema