Alhamisi Ambazo Sikuja

Mama Safari, mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuitikia, ila mkono umegoma kuandika neno lingine kabla ya hilo.

Tangu tukuzike kule Bonga, mvua imeshakata na mbaazi zako wanao wamezivuna. Ofisini kiti chako kimejaa maboksi ya vitabu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, mtu aliweka boksi moja, mwingine akaongeza. Chai ya saa nne tunakunywa kimya kama watu waliogombana, maana hakuna wa kututania. Darasa lako la Tano nimepewa mimi, juu ya Darasa la Sita langu, na pamoja nalo nimekabidhiwa madaftari yako ya maandalio ya masomo. Ndiyo sababu nakuandikia. Nimeyasoma, Mama. Heri nisingeyasoma.

Sisi wengine unatujua. Nafasi ya maoni tunaijaza kabla hata hatujaingia darasani: "Somo limeeleweka." Mwaka mzima somo limeeleweka! Wewe ulikuwa unaijaza ukishatoka, vumbi la chaki bado liko vidoleni. "Hawakunielewa, nilikimbia mno." "Leo nimemkaripia mtoto kwa swali ambalo hata mimi jibu lake silijui." Miaka zaidi ya thelathini kazini, umebakiza mmoja ustaafu, na bado unaandika hivyo! Halafu nikafika ukurasa ule. "Nimemwomba Mwalimu Daudi aje akae nyuma Alhamisi, aniambie nakosea wapi." Chini yake, kwa wino mwingine: "Hakuja. Ana kazi nyingi, maskini. Labda Alhamisi ijayo." Nikafungua ijayo. "Hakuja." Na nyingine. "Hakuja. Labda baada ya mitihani."

Baada ya mitihani presha ikakuchukua.

Sikuwa na kazi nyingi, Mama Safari. Wacha niseme ukweli leo, maana ulipokuwa hai niliuogopa. Alhamisi zote tatu saa hiyo sikuwa na kipindi. Moja niliimalizia nyuma ya stoo nikichezea simu, nasikia kabisa sauti yako ikitoka darasani. Nilikukwepa kwa sababu ulisema nikishakuona wewe, na wewe utakuja kuniona mimi. Ungeona nini? Mtu mwenye miaka tisa kazini anayefundisha kugawanya nusu kwa robo kwa kupiga kelele, "Pindua, zidisha!" na hajui kwa nini inapinduliwa. Sikuwahi kujua. Nilifundishwa hivyo, nikafaulu hivyo, nikawa mwalimu hivyohivyo. Mtoto akiuliza, namwambia ndiyo kanuni, kaa chini.

Na nadhani ulijua. Siku ile ulinikuta nafuta ubao harakaharaka, ukacheka ukasema, "Mficha uchi hazai, Baba Eliya." Nikajifanya sijasikia. Kumbe hukutaka kunikamata, jamani. Ulikuwa unatafuta mwenzako wa kujifunza naye, basi.

Wengine walikucheka ofisini: umebakiza mwaka, Mwalimu, unajiendeleza uende wapi? Ukawajibu, "Mtoto aliyeko Darasa la Tano hasubiri mimi nistaafu." Mimi nilicheka pamoja nao. Nisamehe na hilo.

Mwezi uliopita Mwalimu Mkuu alitugawia fomu za malengo ya kujiendeleza. Karibu kila mtu aliandika shahada. Na mimi naitaka, sikudanganyi, nitaomba chuo na nitasoma wakati wa likizo. Lakini lengo la kwanza niliandika hivi: kila mwezi mwalimu mwenzangu anione nikifundisha na aniambie ukweli, mpaka siku nitakayostaafu. Mwalimu Mkuu akasoma, akavua miwani. Akasema hilo si lengo, halina cheti. Tena ikijulikana kwamba hisabati inanisumbua, ile nafasi ya mwalimu wa taaluma niliyokuwa naisubiri niisahau. Haki ya Mungu, nilikaribia kulifuta. Nimeisubiri miaka minne, na mke wangu alishawatangazia hadi ndugu zake wa Nangara. Nikamwambia sifuti.

Nikamwomba Neema, yule binti anayefundisha Darasa la Pili, aliyeajiriwa juzijuzi tu. Akaja, akakaa nyuma. Nimeanza tu, msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini tunapindua?" Ulimi ukataka kusema kaa chini. Nikasema, "Sijui. Nipeni mpaka kesho nikajifunze." Loo, mmoja akacheka, wakacheka wote. Neema hakucheka. Mchana tulikaa naye tukikata vipande vya karatasi, tunatafuta ndani ya nusu mna robo ngapi. Nikaelewa, Mama. Nikaelewa nikiwa na miaka thelathini na nne. Ungedhani nilifurahi. Niliwakumbuka watoto wote niliowaambia wakae chini, nikalaza kichwa mezani nikalia mbele ya yule binti.

Aliniambia na mengine. Kwamba nafundisha waliokaa mbele tu, wale wa dirishani hata madaftari hawakufungua. Iliniuma. Nafasi ya taaluma nayo wiki iliyopita amepewa mwingine, na nyumbani bado hatuongei vizuri. Sijifanyi shujaa.

Jana Neema naye ameniomba. Anataka Alhamisi hii nikakae nyuma ya darasa lake, nimwambie anakosea wapi. Maneno yaleyale, na hajawahi kuyaona madaftari yako. Nikaitikia kwa kichwa.

Lala salama, Mama Safari. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa mwalimu kama wewe. Nakuahidi kwamba mwalimu atakayeniomba nimwone, nitakwenda siku hiyohiyo aliyonitajia, hata nikiwa na aibu, hata nikiwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Wewe ulitaka kujua unakosea wapi. Ukamwomba mtu mmoja tu shuleni, ukafa hujaambiwa.

Ni mimi uliyenisubiri,
Daudi, Baba Eliya