Risasi Zenye Makunyanzi

Randburg, Jumapili

Shemeji Kawira,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye baridi hii. Binti yetu Lynette amemaliza mitihani. Bado atakujibu kwa Kiingereza, umvumilie tu.

Uliniuliza kama nimeacha kulenga shabaha. Sijaacha, hata nimenunua kalibu mpya ya kumiminia risasi. Dukani ile ya alumini ilikuwa nyepesi na ya kupata moto haraka. Nilichukua ya chuma, nzito, kwa sababu risasi zake hutoka zikifanana. Dada yako Lois angechagua hiyo hiyo, unamjua.

Lakini sijaitumia. Kalibu ikiwa bado baridi, risasi za kwanza hutoka na makunyanzi, nasi huzirudisha sufuriani ziyeyuke upya. Jumamosi ile kabla ya ajali iliyomchukua, Lois alimimina za kwanza, akacheka: "Eish, Mwaniki, hizi zimezeeka kabla yangu!" Akaziweka kikombeni, tuziyeyushe wiki inayofuata.

Dukani madini ya risasi yapo tele, shemeji. Shida si madini. Jana niliwasha jiko, nikakishika kikombe kile mpaka sufuria ikapata moto. Kisha nikazima jiko, risasi zake zikiwa bado kikombeni.

Ni mimi shemeji yako,
Mwaniki