Kiraka cha Kiwikoni

Wadi Kabir, Maskati

Mama yangu,

Shikamoo. Jicho la kushoto linaendeleaje, bado ukungu ni uleule? Zaina mwanangu, wewe unayemsomea bibi, soma polepole na usiruke pale ninapomsifia. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanikuta mpaka ndani ya viatu. Nimewakumbuka mno. Mama, mwezi uliopita nilikaribia kurudishwa nyumbani, na sababu ni wewe!

Duka letu la ushonaji lilipata kazi ya mavazi ya mchezo wa kuigiza. Mwongozaji alikuwa mzee wa Kihungaria, Bwana Gabor, mkali kidogo, anayekunywa chai ya maziwa kutwa. Mchezo wenyewe ni wa baba aliyepotelea ugenini miaka mingi. Anarudi, anabisha hodi, binti yake anafungua lakini hamtambui. Anamfungia mlango. Basi, umekwisha.

Siku moja kabla ya mazoezi ya mwisho nikapewa koti la huyo baba nilipige pasi. Lo! Kiwiko kina tundu la kupitisha ngumi, vumbi tele. Mtu atasimamaje mbele za watu hivi? Nikalifua, na kwa jua la huku likakauka kabla sijamaliza kula. Nikatia kiraka kwa ule mshono wako wa kurudirudi, wenye kifundo mwishoni kama punje ya mtama. Nikalinyoosha. Nilijiona fundi kwelikweli.

Bwana Gabor alipoliona alipiga kelele kwa Kihungaria. Msimamizi wetu Bi Zuwena, Mwomani ambaye wazee wake walikaa Unguja, alishika kichwa.

"We Mwanaidi, umefanya nini! Koti hilo limeraruliwa kusudi! Watu wamelisugua mchanga siku mbili nzima. Mudiri wa duka akijua, khalas, kazi huna, ntakutetea vipi mie?"

Wazungu hawa, Mama! Wananunua koti zima halafu wanalirarua. Lakini machozi yalinitoka, maana operesheni ya jicho lako ndiyo iliyonileta huku, na kazi ikiota mbawa na operesheni imekwenda.

Kesho yake nikamkuta Bwana Gabor amekaa kwenye kiti changu cha cherehani, koti mapajani, anapapasa kile kiraka. Akauliza kwa Kiingereza, Bi Zuwena akitafsiri, nani alinifundisha kushona hivi. Nikasema mama yangu. Akaanza kunihadithia.

"Mimi pia nilianza kwa kupiga pasi, kwenye ukumbi wa mji mdogo kwetu. Mchezo huu nimeuongoza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kijana mwenye hasira. Wakubwa wa serikali hawakuupenda, wakanipeleka kuchezesha vikaragosi vya watoto kwa miaka. Mara ya pili nilikuwa na jina kubwa Budapest, watu walisimama kunipigia makofi. Lakini mwisho wake mimi mwenyewe sijawahi kuuamini. Sasa nimezeeka, hii ndiyo kazi yangu ya mwisho, na mwisho wa mchezo nimeuona hapa kiwikoni. Kiraka hiki alikitia mke wa huyo baba siku baba anaondoka. Binti atautambua mshono wa mama yake."

Akanirudishia koti. "Lichakaze tena. Kiraka usikiguse."

Siku ya onyesho nilisimama nyuma ya pazia. Binti akashika mlango aufunge. Akaona kiwiko. Akakigusa kiraka, kisha akaufungua mlango wote. Nililia kwa kwikwi mpaka Bi Zuwena akanipa mtandio wake. "Basi mwanangu, utaniliza na mie."

Mudiri ameniongezea mkataba, kwa hiyo operesheni iko palepale, inshallah. Nisalimie mjomba Hamza fundi baiskeli na shangazi Mwajuma wa maandazi. Kaka Saidi mwambie asijifanye hajui kuandika.

Bwana Gabor amerudi kwao. Baada ya onyesho la mwisho alikikata kile kiraka kwa mkono wake, akasema, "Mpelekee mama yako, ndiye mwenyewe." Kimo humu kwenye bahasha. Usingoje jicho lipone, Mama. Pitisha kidole tu, ufike kwenye kifundo.

Hodi, Mama. Ni mimi,

Mwanaidi