Kokeshi Aliyebaki Milimani

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefuta vumbi kwenye rafu, kama kila Jumatatu. Wanasesere thelathini na mmoja. Wote wa mti, wote kokeshi: kichwa cha mviringo, kiwiliwili kinene kama mti wa kusukumia chapati, hakuna mikono, hakuna miguu. Marehemu mke wangu, Salama, aliwapenda hivyo. Alisema ndio watu pekee nyumbani wasiomchafulia vyombo na wasiomsahihisha.

Nimemgeuza kila mmoja na kusoma chini yake. Mwandiko wa penseli. Katika kila nyumba ya wageni tuliyolala Japani, mke wangu alinunua mmoja, akaandika chumba, hali ya hewa na chakula. “Chumba cha mtoni. Mvua. Uyoga, samaki wadogo.” Nilifundisha Kiswahili kule miaka sita. Kila likizo wenzangu walikwenda kuona mahekalu. Sisi tulipanda treni kwenda milimani, kutafuta chemchemi za maji moto na wachonga wanasesere.

Wa thelathini na mbili hayupo. Tulimwacha kule, katika nyumba moja ya wageni milimani.

Mchana imefika barua. Ni ya bibi mwenye ile nyumba ya wageni. Ameandika kwa herufi nyepesi ili niweze kusoma. Maneno manne nimeyatafuta kwenye kamusi. Amezeeka, anafunga nyumba mwishoni mwa Novemba, kabla ya theluji. Mwanasesere wa mke wangu bado yuko pale pale alipomweka. Anauliza kama nitakuja kumchukua, kama tulivyoahidi.

Nitakwenda.

Jumatano, 8 Oktoba

Binti yangu Rehema amekuja kutoka Koekelberg, hapa hapa Brussels, mara tu baada ya kazi. Hakuvua koti.

“Baba, seriously? Kule si wanalala chini?”

Kweli. Ryokan, nyumba ya wageni ya kule, haina kitanda. Mkeka, godoro jembamba, basi. Unakula chini, unakunywa chai chini. Na mimi goti la kulia limekataa. Mwaka wa pili huu nasali kitini.

Tumebishana. Mwishoni ametoa sharti. Niinuke sakafuni mara tatu mfululizo bila kushika kitu, mbele ya macho yake, Jumapili ya tarehe kumi na tisa. Nikiweza, atanikatia tiketi siku hiyo hiyo. Nikishindwa, mjadala umekwisha.

Anachanganya lugha na anatoa amri. Nilimlea mwenyewe. Sina wa kumlaumu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimetandika mkeka sebuleni. Kushuka si kazi. Kupanda ndiko kugumu. Unageuka ubavu, unapiga goti zima, unaweka kiganja sakafuni, unajisukuma. Nimeanguka mara nne. Nimefika juu mara moja, kwa kushika kiti. Hiyo haihesabiwi.

Nilipokuwa chini nikipumzika nilikumbuka harufu ya mikeka ya kule. Majani makavu, na moto wa mkaa kwa mbali. Unavua viatu mlangoni, unapewa ndala, na ndala nazo unaziacha ukingoni mwa mikeka. Mhudumu anapiga magoti ndipo anausogeza mlango. Mnakwenda kuoga, mkirudi meza imeondolewa na magodoro yametandikwa. Huwaoni wakifanya. Salama alijaribu kuwavizia mara nyingi. Hakuwakamata hata siku moja.

Pale chini sikuwa na huzuni. Nilipoinuka ikanijia.

Jumanne, 14 Oktoba

Maman Odette, jirani wa chini yangu, mzaliwa wa Lubumbashi, amenisimamisha kwenye ngazi.

“Papa, kila asubui kitu inaanguka yulu ya kichwa yangu. Muko najifunza judo, ao?”

Sikumsahihisha. Upatanisho wake wa sarufi ungenichukua siku nzima, naye alikuwa amebeba viazi. Nilimweleza ukweli. Amecheka, kisha akasema kwa uzito: “Bon. Nikisikia kelele moya, njo mazoezi. Nikisikia kelele na kisha kimya, nakuya na fungulo.” Ufunguo wangu wa akiba anao yeye.

Leo mara mbili bila kushika kitu. Ya tatu, hapana.

Ijumaa, 17 Oktoba

Suruali inabana nikikunja goti. Nimetoa yukata kabatini, lile joho la pamba wanalovaa wageni wa ryokan. Nikalivaa, nikafunga mshipi. Nikapita mbele ya kioo.

Upande wa kulia juu ya wa kushoto. Miaka yote hii, na bado.

Nimeketi kitini bila kufanya mazoezi. Kosa hili nililifanya kwanza katika nyumba ile ile ya milimani. Nilishuka ukumbini kula, nimejifunga hivyo. Watu wote wakanyamaza. Bibi mwenye nyumba akaja mbio, akanifungua mshipi mbele ya wageni, akanifunga upya, kushoto juu ya kulia. Kule anayevalishwa kulia juu ni maiti tu. Salama alicheka hadi akashika nguzo. Nilikasirika sana. Mwalimu mzima, nimefunguliwa nguo kama mtoto. Chumbani nilimwapisha kwamba hatamwambia mtu yeyote, maisha yake yote. Akaapa, huku mabega bado yanatikisika.

Kesho yake alinunua wawili kwa mchonga wa kijijini, wanaofanana. Tulipoondoka mmoja alimwachia yule bibi. Nikamwambia jozi haitenganishwi. Akasema, “Atatushikia nafasi.”

Hatukurudi. Mkataba uliisha, tukaja Brussels. Salama alifariki hapa. Mwaka wa nne sasa.

Jumapili, 19 Oktoba

Rehema alifika saa nne asubuhi. Akaweka birika jikoni, akaja kusimama mlangoni mwa sebule, mikono kifuani, kama msimamizi wa mtihani.

Mara ya kwanza, vizuri. Mara ya pili, jasho. Nikashuka mara ya tatu. Nikafika nusu. Goti likatetemeka. Birika likapiga mluzi, Rehema akageuka kulizima. Mkono wangu ukashika ukingo wa meza. Mkono mmoja tu. Aliporudi alinikuta wima.

“Mara tatu! Baba, wewe chuma!”

Akanikumbatia. Akatoa simu, akaanza kutafuta ndege. Akaniuliza nataka kiti cha dirishani au cha njiani. Nikasema cha njiani. Akaendelea kubonyeza. Nilikwisha kuiona barabara ya kwenda pale, yenye misonobari, na yule bibi ameinama mlangoni. Ningeweza kunyamaza.

“Rehema. Nilishika meza.”

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Akaweka simu chini.

“Ningekuwa wewe nisingesema.”

“Ungesema.”

Alilia. Alisema akinifikiria kule peke yangu, nimelala chini na hakuna anayejua neno ninalolisema, hapati usingizi. Sikumjibu kwa ukali. Tulikunywa chai. Amekwenda. Nami nimelia, kwa dakika chache.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimemwandikia bibi. Siwezi kuja. Goti. Naomba radhi kwa ahadi isiyotimizwa. Amfanye mwanasesere apendavyo. Mistari saba, kamusi mara kumi. Nimeipeleka posta mwenyewe.

Nina hasira na mguu wangu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sikufuta vumbi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilikuwa sokoni. Maman Odette amenipokelea kifurushi na kunipandishia hadi mlangoni, anahema.

“Papa, colis ya Japon. Wamewatumia bibi, ao?” Kwao bibi ni mke.

Nimemshukuru nikafunga mlango. Sanduku dogo, ndani kitambaa, ndani ya kitambaa yeye. Rangi nyekundu imefifia upande mmoja, ulioelekea dirishani. Kikaratasi: nyumba itakuwa baridi, afadhali akae kwenu.

Nimemgeuza kichwa. Shingo ikalia, kii, kama walivyolia wote wa kijiji kile. Kisha nikampindua nisome. Nilitegemea chumba, hali ya hewa, chakula.

“Mume wangu kavaa kama maiti mbele ya wageni. Sijacheka hivi tangu niolewe. Nimeapa sitamwambia mtu.”

Hakumwambia mtu. Alitimiza kiapo. Na alijua kwamba mimi huwapindua wote na kuwasoma, ndiyo maana huyu hakumleta nyumbani.

Nimempigia simu Rehema. Nimemsimulia tangu mshipi hadi nguzo, bila kuficha kitu. Amecheka kama mama yake, kwa kukatika pumzi. Amesema anakuja Jumapili kumwona huyo mwanasesere. Nimwonyeshe na yukata.

Nimefuta rafu nzima, ingawa si Jumatatu. Thelathini na wawili. Nimemweka kando ya mwenzake. Yeye amefifia, mwenzake hapana. Hawafanani tena.

Mkeka bado umetandikwa sebuleni. Magharibi nimesali juu yake, si kitini. Kuinuka, nimeshika meza.