Konokono Wanene wa Kwa Mtewa

Jumatatu, 9 Septemba
Mgongo umechoka kuinama. Konokono mia mbili na kumi leo, wote wa Kwa Mtewa, pale mtoni tunapofulia nguo. Kila mmoja na glasi yake ya maji, juani, tuone nani anatoa vidudu vya kichocho. Kisha rula: urefu, upana. Jamani! Wenye vidudu maganda yao mapana, yamefura ubavuni. Wazima wembamba. Nimeanza kuwajua kwa macho. Daktari Msowoya kacheka — eti macho si kipimo. Sawa, bosi.
Nawaonea huruma lakini. Mdudu anamla, naye anampanulia nyumba.

Jumatano, 11 Septemba
Vigelegele kwa dada Fanesi! Binti yake Tamanda kavunja ungo. Miaka tisa! Damu imeonekana kwenye nguo. Bibi Nasibeko, kungwi wetu, keshamfungia ndani. Mwali haonwi na mtu ila kungwi wake.
Nikasema, dada, mtoto huyu anafua Kwa Mtewa kila Jumamosi, apimwe mkojo kwanza, kichocho nacho hukojoza damu. Fanesi akaja juu. Eti kwangu kila mtu ni konokono. Eti wivu, kwa kuwa sina binti. Imeniuma sana. Nimerudi bila kula.

Alhamisi, 12 Septemba
Konokono arobaini. Nimewachagua kwa macho kabla ya glasi. Nimekosea wawili tu.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimempigia magoti Bibi Nasibeko, na konokono wawili kwenye kopo. Huyu mzima, huyu mgonjwa. Kamgeuzageuza yule mnene. Mbona huyu ndiye amenawiri? Nikamwambia ndivyo ugonjwa unavyomfanya. Akauliza: anataga? Hatagi tena, Bibi.
Kamrudisha koponi polepole. Nikaomba mkojo wa Tamanda, kidogo tu. Dawa ipo! Akanifukuza — mambo ya unyago hayaingii kwenye kopo.
Ngoma ni Jumapili. Akishachezwa ni mwanamke, wataanza kuja kumposa. Miaka tisa, Mungu wangu.

Jumapili, 15 Septemba
Ngoma tangu asubuhi. Sikwenda. Saa sita mlango ukagongwa — Bibi Nasibeko! Shanga shingoni, unga usoni, anatweta. Kawaaga eti anafuata dawa za mwali.
Kafungua kitenge. Vichupa viwili.
Hiki cha Tamanda, kasema. Na hicho, Bibi? Kaangalia sakafu. Chake. Naye aliona damu akiwa na miaka minane, akifua hapohapo Kwa Mtewa. Wakampigia vigelegele, akachezwa. Waume watatu, hakuzaa hata mmoja. “Pima, mwanangu.”
Nimemshika mkono.
Naandika huku mkojo unatuama. Hadubini iko tayari. Ngoma zimenyamaza, wanamtafuta. Huyo Fanesi, anagonga mlango kwa ngumi, anataka kungwi wake! Bibi ananiuliza nitaanza na kipi. Cha Tamanda, nimesema.
“Ndiyo, anza na cha mtoto. Mimi nimekaa na changu miaka hamsini, kitangoja.”